Dirisha Nililokuambia Ufunge

Riziki,

Habari za njia baba yako amekupa tangu juzi, na kesho asubuhi atazirudia pikipiki ikiwa imeshawashwa: mfuko ufungwe wapi, barriere ipi ya askari ya kusalimia na ipi ya kupita kimya, sweta mbili hadi Sake. Msikilize, anapenda kusikilizwa. Mimi sina maneno ya njia. Nimekaa jikoni kwenye meza yetu, ni mchana, wewe umeenda kusukwa nywele kwa jirani na yeye amepeleka maziwa kwa watu wa fromage wanaotengeneza jibini. Nina muda hadi mmoja wenu arudi. Mlango nimeufunga. Dirisha nimeliacha wazi, na sababu yake utaiona mbele.

Barua hii utaikuta ndani ya kitenge cha violeti chini kabisa ya mfuko. Nimekuambia usikitoe kabla ya kufika Shasha, eti kwa ajili ya upepo wa ziwa. Upepo wa ziwa haunihusu. Nataka uwe umefika mbali kiasi kwamba dereva wa pikipiki atakataa kukurudisha, kwa sababu sitaki kuuona uso wako ukisoma. Uso wako unasema kila kitu, tangu ukiwa mtoto, ndiyo maana hukuwahi kufaulu kunidanganya hata mara moja. Wangu ni wa mbao, na umenifikisha mbali.

Nakupenda. Naliandika hapa juu usije ukapoteza muda kulitafuta, na pia kwa sababu ukifika chini hutaliamini.

Hapa Burungu, na hadi Kitchanga, watu wanasema fond za karatasi, zile rangi za nyuma ya maandishi, ni kazi ya mikono ya Mama Riziki. Nimewaacha waseme miaka yote hii. Kazi yangu ilikuwa mwandiko tu: vyeti vya ubatizo, nyuma ya kalenda kuukuu zile zinazong'aa pande zote mbili, jina kwa kalamu ya feutre nyeusi, tarehe, mstari wa sahihi ya mchungaji. Siku ile ulikuwa unanisaidia, ukakosea jina la mzee mmoja, ukachukua alkoli ambayo muuguzi alikupa ya kusafishia kidonda cha mguu, ukataka kulifuta. Jina likakimbia. Lilifunguka likawa duara la kijivu lenye ukingo mweusi, na katikati pakabaki peupe. Mtu mwingine angepangusa haraka kabla mama yake hajaona. Wewe ukatia tone la pili ili uone litafanya nini.

Nilikupiga kofi kwanza. Kisha ndipo nikaiangalia karatasi.

Unakumbuka miezi iliyofuata, kwa hiyo sitakueleza kitu unachokijua kuliko mimi. Nataka tu ujue kwamba nilikuwa naona. Nilikuona unavunja feutre zilizokufa, unatoa ule utambi wa ndani na kuuloweka ndani ya kopo. Nilikuona unajaribu karatasi za daftari, zikanywa rangi yote zikabaki na doa kama nepi, ukalia. Ukajaribu kasiksi, pombe ya ndizi, kwa siri ya baba yako, ikaacha utamu na asubuhi tukakuta sisimizi wamejaa juu ya fond. Violeti ya dawa, ile wanayowapaka watoto mdomoni, ukaona inatoa zambarau ambayo hakuna duka la Goma linaiuza. Ukatoa mrija wa kalamu ya biki, ukapuliza: kwa karibu rangi inakimbia, kwa mbali kidogo inatulia na kujitengenezea ukingo. Tone la alkoli tupu juu ya rangi iliyokauka linafungua jicho jeupe. Yote uligundua wewe. Mimi nilikuwa nasema "fanya tena" na "hii mbaya", basi. Hata zile nilizosema mbaya nyingine zilikuwa nzuri. Nilikuwa nataka kuona kama utaacha.

Mchungaji alipoona ile ya buluu ya kwanza alisema, "Hii iko sawa na maji ya ubatizo kabisa." Akaagiza vyeti kwa kila mtu atakayetoka majini, na vipya kwa waliobatizwa zamani. Akauliza rangi tunaitoa wapi. Nikamwambia inakuja tayari, katika vichupa, kutoka Goma. Huo uongo uliusikia, ukainama ukajifanya unatafuta mrija.

Halafu barabara ya Sake ikafungwa kama inavyofungwa, na kituo cha afya kikakosa alkoli hata ya sindano. Vyeti vilikuwa vinangojwa. Wewe ulisema tungoje. Mimi nilijua alkoli nyingine iko wapi, na ni nzuri kuliko ya muuguzi.

Hapa lazima nikuambie habari za bibi yako, mama yangu, ambaye umeambiwa aliuza mawese Walikale. Hakuuza mawese hata chupa moja. Alipika kanyanga, pombe kali. Alikuwa mpishi ambaye watu walitembea msituni siku nzima kumfuata. Ile inayotoka kwanza kwenye mrija aliitia ndani ya kijiko na kuiwasha. Ikiwaka buluu bila kuacha maji, aliiweka pembeni, si ya kunywa, ni ya kukandia migongo na miguu ya wanawake waliojifungua. Mimi nimekua nikinuka moshi huo. Nilipoolewa huku juu, katika nyumba ya watu wa ng'ombe na wa kanisa lisilokubali hata dawa ya kikohozi yenye pombe ndani, baba yako aliniambia jambo moja tu siku ya ndoa: kinywaji kikiingia katika ua huu, nitarudi kwetu kwa miguu. Alisema kwa upole. Yeye hupenda kusema mambo kama hayo kwa upole.

Ulipozaliwa mama yangu alikuja. Alitembea, akapanda gari la kubeba mbao, akatembea tena, na kichupa cha ile ya kwanza akiwa amekifunga kiunoni ili anikande mgongo. Alifika wakati mama mkwe wangu amesimama nami kwenye ukuta wa miti. Mama mkwe akanusa, akauliza huyu ni nani. Nikasema, "Ni muntu wa kijiji yetu, anauzaka mawese."

Mama yangu alinitazama. Nilimtazama pia, nikamwomba kwa macho. Akasema, "Yee mama, niko nauza mawese." Akauliza kama mtoto ni wa kike au wa kiume, akaambiwa, akashukuru, akageuka. Hakuingia hata uani. Wewe ulikuwa na siku nne, na hakukuona. Hakurudi tena, na alipozikwa nilikuwa hapa nikipika kwa ajili ya semina ya akina mama wa kanisa.

Basi ndivyo nilivyojua kwa nani nitume bidoni, lile dumu, likajazwe. Kwa binti wa ndugu yake, aliyerithi mitungi. Nililiweka nyuma ya gunia la unga. Nilikuambia ni alkoli ya dawa kutoka Walikale. Hukuamini, ulinusa na ukacheka, ukasema, "Mama, weye utatuua na baba." Lakini mikono yako ilikuwa inakuwasha kufanya kazi.

Jumamosi ile baba yako alikuwa na ng'ombe mlimani karibu, na upepo ulikuwa unaelekea kwake. Nilikuambia ufunge dirisha. Ulisema, "Mama, hii harufu inanizungusha kichwa, niache wazi kidogo." Nikasema funga. Nikatoka kwenda shambani, nikakuacha na vyeti arobaini na kitu, mrija mdomoni, unavuta pumzi ya kanyanga na kuipuliza, unavuta na kuipuliza. Ukatoka hapo ukaenda moja kwa moja kwenye mazoezi ya kwaya.

Mama Furaha, kiongozi wenu, ndiye aliyekuleta, amekushika mkono wa juu kama mtu anavyoshika mwizi. Macho yalikuwa mekundu na ulikuwa unayumba. Alisema, "Mama Riziki, mutoto yako ananuka kanyanga. Nilitaka kukaa kimya, lakini batu bote ya kwaya baliona." Alikuwa hataki kukaa kimya hata kidogo. Akaenda kumwita baba yako na wazee wengine wa kanisa. Wewe ukaenda nyuma ya nyumba kutapika.

Sasa nifike pale nilipokuwa nakwepa.

Uliwaza siku zote kwamba baba yako alikuta bidoni chini ya kitanda chako kwa bahati. Haikuwa bahati. Nilisikia unatapika. Nilikuwa peke yangu jikoni. Nilikuwa na muda wa kulimwaga, nilikuwa na muda wa kulitupa kwenye choo, nilikuwa hata na muda wa kukaa chini na kuwaambia wazee ukweli mzima wa rangi na karatasi. Nililitoa nyuma ya unga, nikavuka ukumbi, nikalisukuma chini ya kitanda chako, na nikashusha shuka ili lisionekane haraka sana. Nilifikiria hata shuka, Riziki. Sikuwa nimechanganyikiwa.

Baba yako akalibeba hadi sebuleni na kuliweka mbele ya wazee. Akauliza, "Hii iko ya nani?" Ukanitazama. Nilijua macho hayo, niliwahi kuyaona kwenye ukuta wa miti. Nami nikafanya vilevile nilivyofanya kule, nikaomba kwa macho. Ulipofumba mdomo, nikamalizia mimi. Nikasema, "Mutoto huyu amenishinda." Nikatia na machozi. Yalikuwa ya kweli, nilikuwa nimeogopa.

Miezi sita benchi la nyuma, bila kwaya, bila Meza ya Bwana, na kusimama mbele ya wote kuungama kosa ambalo hukuijua ladha yake. Kwaya haikupoteza kitu, uliimba vibaya na unajua. Lakini Espoir, mchumba wako, ulimpoteza. Watu wao ni watu wa maziwa kama wa baba yako, hawachukui msichana aliyewahi kuyumba mbele ya kanisa. Baba yake alikuja na maneno mafupi na hakuketi. Wewe ulikuwa unakamua, ukamaliza kukamua.

Na vyeti vile arobaini na kitu viligawiwa. Hilo ndilo linalonichekesha hadi leo, nikiwa peke yangu. Wazee waliokuhukumu wametundika ukutani, juu ya viti vyao, karatasi zilizotengenezwa kwa kanyanga ya bibi yako. Mama Furaha ametia yake ndani ya kioo. Na mimi sikuacha. Siku hizi kila bidoni nalitia violeti palepale njiani kabla halijafika nyumbani, ili lionekane rangi tangu mwanzo.

Unadhani hilo ndilo baya kuliko yote. Ngoja.

Espoir alipopata msichana mwingine, mama yake alikuja hapa kuagiza kadi za mwaliko. Hakuona aibu, kwa nini aone, alijua kazi ni yangu. Ningekataa. Ningeweza kusema kalenda zimekwisha. Nilikubali, na nikakupa wewe upulize. Nilijiambia kwamba ukikataa nitajua umekasirika, na ukikasirika labda utasema ukweli, na mambo yataisha bila mimi kufungua mdomo. Hukukataa. Ulikaa siku tatu, dirisha wazi safari hii, ukatoa kadi za kijani na dhahabu, na macho meupe madogo kama ya mvua ikianza juu ya vumbi. Sijawahi kuona kitu kizuri kiasi kile. Niliandika majina yao juu yake kwa mwandiko wangu bora.

Kadi hiyo ndiyo iliyomleta yule mama wa imprimerie, nyumba ya kuchapa kadi, ya Bukavu. Alikuja kwenye ndoa kama shangazi wa bibi harusi na akaja hapa siku ya pili, kadi mkononi. "Nani alipulizaka hii?" Nikasema ni mimi. Mbele yako nikasema ni mimi. Akasema basi nionyeshe. Nikaweka karatasi, nikaweka matone, nikashika mrija, nikapuliza. Rangi ikafurika ikaenda yote kona moja, ikamwagika hadi kwenye kiatu chake. Alicheka kwa wema, jambo lililoniuma zaidi. "Siyo weye, mama." Kisha akageuka kwako, na wewe ukanitazama kuomba ruhusa. Baada ya yote yale, ruhusa. Nikatikisa kichwa kwamba fanya. Ukapuliza mara mbili tu. Nikawahi kusema, "Ni miye nilimufundisha."

Kwa hiyo kesho unakwenda Bukavu kufanya kazi kwake, na ninyi wawili, wewe na mama yangu, mmeshanilinda vya kutosha. Sikushukuru yeyote. Nilizoea. Mtu akinyamaza kwa ajili yako mara ya kwanza unaona haya. Mara ya pili unaona ni tabia yake. Huko Bukavu watakuwepo wengine kama mimi, wenye nyuso nzuri na mwandiko mzuri. Wakikuomba kwa macho unyamaze, waambie waombe kwa mdomo, kwa maneno kamili, ili wasikie wenyewe wanachokitaka. Wengi watashindwa. Mimi ningeshindwa.

Na fanya kazi dirisha likiwa wazi, kama hili langu leo. Hilo si shauri la maisha, ni la mapafu.

Kuna jambo moja limebaki na ndilo lililonikalisha hapa. Siku moja, miezi baada ya adhabu, tulikuwa tunachuja maziwa, uliniuliza, "Mama, ile bidoni ilifikaka je chini ya kitanda yangu?" Hukuniuliza kwa hasira. Ulitaka kujua. Nikakuambia labda ni wewe mwenyewe ulilisogeza, kichwa kilikuwa kinakuzunguka, hukumbuki. Ukafikiri kidogo, ukasema, "Labda."

Tangu siku ile nakuangalia. Unarudi mara mbili kuona kama umefunga mlango wa ndama. Unaniuliza kama umeshaweka chumvi. Ukisimulia kitu ulichokiona kwa macho yako mwenyewe unamaliza kwa kusema labda sikuona vizuri. Hukuwa hivyo. Ulikuwa mtoto anayetia tone la pili. Espoir atasahaulika, ana masikio makubwa na wanawe watayarithi. Benchi la nyuma watu wanalisahau. Lakini hiki nilichokuondolea sikuona ukikirudishiwa na mtu, na hakuna mwingine anayejua kwamba kimeondolewa.

Nimeandika haya kwa biki, kwenye karatasi ya daftari, na chini natia jina langu lile nililobatizwa nalo. Ukiipeleka barua hii kwa mchungaji, au ukimtumia baba yako, jina lako litasafishwa mbele ya wote, vyeti vitashushwa ukutani nyumba hadi nyumba, na mimi nitashuka Walikale kwa miguu, mahali ambapo hakuna nyumba inayoningoja. Sitakana. Nimeshindwa kusema kwa mdomo, ila mwandiko wangu kila mtu anaujua.

Ndani ya kitenge hicho hicho, fundo la pili, kuna kichupa. Ni ile ya kwanza, nimeiwasha kwenye kijiko mwenyewe, imewaka buluu. Unajua biki inafanya nini ikikutana nayo. Matone kumi na karatasi hizi zitakuwa doa la buluu, na hakuna mtu atakayesoma kitu.

Natamani utumie kichupa. Nalisema wazi, usije ukadhani kwamba mama yako amekuwa mtu mwingine mchana mmoja. Naogopa njia ya Walikale, na nakipenda kiti changu kanisani. Lakini kabla ya kufungua kizibo, rudi juu, pale nilipoandika habari za shuka, usome tena polepole. Ukishasoma, fanya unavyotaka.

Hukusogeza kitu, Riziki. Kichwa chako ni kizima. Kilikuwa kizima siku ile ile.

Nasikia sauti yako kwa jirani, unaaga. Nafunga dirisha.

Mwamini, mama yako